Panorama ya taya kutoka kwenye CBCT: picha inapinduka pembeni, meno ya mbele yanatanuka, vipimo havilingani. Msaada wakuu

rediografa_tanga

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Mimi ni dada yenu, nafanya kazi kwenye kituo cha picha, tuna mashine ya CBCT ya meno, ile ya eksirei inayozunguka kichwa mara moja inatoa bonge zima la vokseli (vijichembe vya picha vya pande tatu), za kwetu ni milimita 0.25 kila upande. Madaktari wa meno wanaotuletea wagonjwa wanataka vitu viwili, picha moja ndefu inayofuata upinde wa taya toka gego la mwisho kushoto mpaka gego la mwisho kulia kama ile OPG ya kawaida (eksirei ya taya zima kwenye picha moja), halafu na mikato midogo inayokata taya kwa upande, mmoja kila milimita moja, ili waone mfupa una upana gani na neva imepita wapi.

Programu iliyokuja na mashine inafanya hayo yote vizuri tu ila iko kwenye kompyuta moja na kazi ni nyingi, na mimi kwa kweli nataka kuelewa kinachofanyika ndani, sitaki kubonyeza tu. Kwa hiyo nimechukua skani ya zamani iliyoondolewa majina nikaanza kuandika mwenyewe kwa Python.

Nilichofanya: nimefungua skani kwenye 3D Slicer (programu ya bure ya kuangalia picha za tiba), nikaenda kwenye mkato wa mlalo usawa wa mizizi ya meno, nikaweka nukta 9 kufuata taya. Huku nyuma nimeweka mbali mbali kwa sababu mfupa umenyooka, kama milimita 25 kisha 20, pale mbele kwenye kona nikaziweka karibu karibu kama milimita 6 hivi. Nikachukua nukta nikazipitishia splaini (mstari laini unaopita kwenye nukta zote), nikagawa ile t (namba inayosema uko wapi kwenye mstari, nukta ya kwanza ni 0 na ya mwisho ni 8) kuanzia 0 mpaka 8 katika hatua 600 sawa sawa. Kwenye kila hatua napiga tanjenti (uelekeo wa mstari), nomali (uelekeo wa upande) na bainomali (iliyo pembe mraba na hizo mbili) kwa kanuni za Frenet kama zilivyo kwenye vitabu vya hesabu, halafu nasoma vokseli kuelekea bainomali kwenda juu na chini, kila hatua ni kolamu moja ya picha.

Mwanzo picha yote ilitoka nyeusi. Nikabadilisha alama za x na y kwenye nukta, ikatokea, ila sijui kwa nini na sipendi kitu kikikubali bila kujua sababu.

Sasa matatizo niliyobaki nayo. La kwanza, kuanzia mwanzo mpaka kolamu ya 60 hivi meno yamepinduka juu chini, halafu ghafla yanakaa sawa, halafu yanapinduka tena kuanzia kama 540, na karibu na hapo kuna kolamu kadhaa zinabadilishana kama milia ya pundamilia. La pili, meno ya mbele yanaonekana mapana kama majembe na magego yamebanana, taya la mtu haliko hivyo. La tatu ndilo linaninyima usingizi. Pale penye pengo la gego la kwanza la chini nikipima kwenye panorama yangu toka juu ya mfupa mpaka mfereji wa neva napata milimita 14, nikipima kwenye mkato wa pembeni napata 11.5. Niamini kipi? Hapa mtu ataingiziwa implanti, yaani skrubu ya kushikilia jino la bandia.

Mwenye kujua naomba anieleweshe taratibu, hesabu za vekta nilisoma kidato cha sita zimebaki kidogo.

---

NumpyPwani

Dada karibu, na hongera kwa kutaka kujua ndani kuna nini. Nimefanya kazi hii ya kunyoosha vitu vilivyopinda miaka kadhaa, na matatizo yako karibu kila anayeanza anayapata, tuyachukue moja moja.

Ile nyeusi kwanza, ndiyo rahisi. Slicer ikikupa nukta kupitia arrayFromMarkupsCurvePoints inakupa kwa mfumo wa RAS, yaani x inaongezeka kuelekea kulia kwa mgonjwa na y kuelekea mbele. DICOM (muundo wa faili za picha za tiba) na SimpleITK (maktaba ya Python ya kuzisoma) wao wanatumia LPS, x inaongezeka kushoto na y nyuma. Nukta zako zilikuwa zinaanguka upande mwingine kabisa, hewani nje ya skani, ndiyo maana giza. Kuzidisha x na y kwa hasi moja ndilo jibu sahihi, hukubahatisha. Ila ukisoma lile faili la mrk.json ambalo Slicer inahifadhi, lenyewe kwa kawaida limeandikwa LPS tayari, ukigeuza tena utarudi gizani, kwa hiyo fungua faili uangalie limejitambulisha vipi. Na jingine la kukumbuka, SimpleITK inakupa faharasa kwa mpangilio wa i, j, k lakini ukishaibadilisha skani kuwa safu ya numpy inakaa k, j, i. Watu wengi wanaumia hapo kimya kimya kwa sababu picha inatokea, ila siyo ya mahali ulipodhani.

Sasa kupinduka. Nomali ya Frenet siku zote inaangalia upande ambao mstari unapinda. Fikiria dereva ambaye kila wakati kichwa chake kinaangalia ndani ya kona, kona ya kushoto anaangalia kushoto, ikifika mahali barabara inabadilika kuwa kona ya kulia kichwa kinageuka cha ghafla nyuzi 180. Kwenye taya, sehemu kubwa ni kona ya upande mmoja tu kwa hiyo unakaa salama, lakini nyuma kabisa kwenye pembe ya taya mfupa unatoka nje kidogo, mstari wako unageuza upindaji, nomali inaruka upande wa pili na bainomali inaifuata, iliyokuwa inaangalia juu sasa inaangalia chini. Hizo kolamu 60 na 540 ndipo hapo. Ile milia ni pale mstari unapokaribia kunyooka kabisa, upindaji ni karibu na sifuri, nomali inakosa pa kuangalia, kosa dogo tu la namba linaipeleka huku au kule. Siyo kodi yako mbovu, ni Frenet yenyewe haifai kwa kazi ya picha.

Kwa panorama huihitaji hata kidogo. Chukulia kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kwa kufuata upinde wa taya, halafu umeanika khanga juu yake ikaning'inia wima mpaka chini. Hiyo khanga ndiyo uso unaotaka kuusoma. Ukishasoma unaitoa kwenye kamba unaitandaza kitandani, hiyo ndiyo panorama. Kwa hiyo juu ni juu, mhimili wa z, haubadiliki popote. Kila kolamu unachukua x na y za nukta ya mstari, unapandisha z kidogo kidogo, basi. Nomali unaihitaji kwa unene tu na unaipata kwa kuzidisha tanjenti na z kwa njia ya msalaba (cross product, inakupa vekta iliyo pembe mraba na zote mbili), haiwezi kupinduka kwa sababu z haipinduki.

Tatizo la pili ni ile t. Umegawa t sawa sawa, siyo urefu. Una vipande 8 na hatua 600, kila kipande kimepata hatua 75, kipande cha mbele cha milimita 6 kimepata kolamu moja kila milimita 0.08 na kile cha nyuma cha 25 kimepata moja kila 0.33. Mbele imetanuliwa mara nne zaidi ya nyuma, ndiyo majembe yako hayo. Dawa: piga splaini kwa nukta nyingi sana, tuseme 5000, kokotoa umbali kati ya kila nukta na jirani yake, jumlisha kwa cumsum upate urefu toka mwanzo, halafu kwa np.interp tafuta nukta zilizo kila milimita 0.25 ya urefu huo. Mstari wako ukijumlisha vipande vyake ni kama milimita 114, utapata kolamu 457. Sasa pikseli ya mlalo na ya wima zina kipimo kimoja.

Na usisome uso mmoja tu mwembamba, utaona nusu ya jino na nusu ya hewa. Soma tabaka kuanzia milimita 5 upande wa ulimi mpaka 5 upande wa shavu, kila nusu milimita, hayo ni matabaka 21, kisha chukua wastani. Kwa kimo cha milimita 70 ni sampuli kama milioni 2.7, map_coordinates ya SciPy ukiiweka order=1 inamaliza kwa sekunde chache kwenye laptopu ya kawaida.

La tatu namwachia daktari, najua yupo humu.

---

DktMagego_NRB

Nipo. Dada wa Tanga, swali lako la tatu ndilo ambalo ningependa kila rediografa aulize, shukrani.

Amini mkato wa pembeni. Panorama, iwe ya mashine ya OPG au hiyo uliyotengeneza kwa kompyuta, ni ya kutafuta njia tu, kujua jino gani liko wapi, mfereji unapita kwa ujumla wapi, kuna uvimbe au la. Kupima kimo cha mfupa kabla ya implanti tunapima kwenye mkato unaokata taya kwa pembe mraba na mstari, kwa sababu ule ni bapa, haujakunjuliwa, milimita yake ni milimita kweli pande zote.

Kwa nini umepata 14 kule na 11.5 huku? Jino likishang'olewa muda mrefu mfupa wa juu unaliwa hasa kwa upande wa shavu, kinachobaki juu ni ukingo mwembamba kama makali ya panga. Panorama ya wastani inakusanya kila kilichopo kwenye hizo milimita 10 za unene, kwa hiyo inakuonyesha ncha ya juu kabisa ya huo ukingo kana kwamba ni mfupa mzima. Kwenye mkato wewe mwenyewe bila shaka ulianza kupima pale mfupa unapokuwa na upana wa maana, na umefanya vizuri, kwa sababu implanti ya kipenyo cha milimita 4 inataka mfupa wa kama milimita 6 ili ibaki walau milimita moja kila upande. Ule ukingo wa juu haushiki kitu, mara nyingi tunausawazisha. Pia huo wastani unafifisha paa la mfereji, unaweza kuwa umeweka alama chini ya pale paa lilipo.

Halafu kuna kitu hujakitaja, mgonjwa alikaaje? Kama kidevu kimeinuliwa au kimeshushwa wakati wa skani, z ya mashine siyo wima ya meno. Kabla ya kuchora mstari wowote izungushe skani mpaka uso wa kutafunia wa meno ulale sambamba na mkato wa mlalo, halafu ndiyo uchore. Nimepokea picha nyingi za mikato iliyokatwa kwa kulala, mfupa unaonekana mrefu kuliko ulivyo, na ukimwangalia mgonjwa unakuta hakuna mahali pa kuweka kitu.

Tunaacha milimita 2 za usalama juu ya mfereji. Ukipima 14 ukaamini utaona una 12 za kutumia, kumbe ni 9.5. Hiyo tofauti ndiyo mtu kuamka mdomo wake wa chini umekufa ganzi na kidevu hakisikii, na wengine hali hiyo haiondoki. Nimewahi kumwona mgonjwa wa namna hiyo aliyetibiwa kwingine, mama wa makamo, alikuwa anakunywa chai inamchuruzika kidevuni hana habari mpaka mjukuu wake amfute. Mpango ulifanywa kwa panorama peke yake.

Moja la mwisho, hiyo kodi yako itumie kujifunza na kujiridhisha, ripoti inayoenda kwa daktari itoke kwenye programu iliyoidhinishwa kwa kazi ya tiba. Na asante kwa kuondoa majina kabla ya kutumia hiyo skani. Hakikisha pia jina halijabaki ndani ya vichwa vya DICOM, watu wanafuta kwenye skrini tu wanasahau ndani ya faili.

---

rediografa_tanga

Daktari nimekuelewa kabisa, na hilo la kidevu ni kweli, nimerudi kuangalia kumbe kwenye skani hii kidevu kimeinuka kama nyuzi 8. Vichwa vya DICOM nimepitia, jina na namba ya faili havimo.

NumpyPwani kaka, ile khanga kwenye kamba imeniingia moja kwa moja. Nina swali juu yake. Khanga ikishatandazwa kitandani, urefu wa kufuata kamba ni wa kweli na wima ni wa kweli, sasa kwa nini watu wanasema usipime chochote kwa mlalo kwenye panorama?

---

NumpyPwani

Kwa sababu jino halijakaa juu ya kamba. Kipimo ni cha kweli kwa kile kilichogusa kamba tu. Chukua sehemu ya mbele ya taya ambapo upinde una nusu kipenyo cha milimita 25. Kitu kilichoko milimita 5 nje ya kamba, upande wa mdomo, kiko kwenye duara la nusu kipenyo cha 30. Ukikivuta kwenye khanga kinabanwa kwa uwiano wa 25 kwa 30, kwa hiyo kitu cha upana wa milimita 6 kitaonekana 5. Kilichoko upande wa ulimi kinafanyiwa kinyume, kinatanuliwa. Na ukichukua wastani wa matabaka 21 umechanganya vilivyobanwa na vilivyotanuliwa kwenye picha moja, ndiyo maana kingo zinakuwa na ukungu.

Hili liko pia kwenye OPG ya kweli. Ile mbinu aliyoiendeleza Yrjö Paatero kule Ufini katikati ya karne iliyopita ni hii hii ila inafanywa kwa chuma badala ya hesabu, bomba la eksirei na kipokezi vinazunguka kichwa kwa kasi iliyopangwa ili tabaka moja lililopinda ndilo libaki na picha kali, lililo mbele au nyuma yake linafifia na kubadilika upana. Sisi tunachofanya ni kuchagua hilo tabaka baada ya mgonjwa kuondoka, na tukikosea tunarudia bila kumpiga mionzi tena. Mimi naona huo ndio uzuri wote wa kuwa na vokseli.

Kuna mtego mwingine kwenye mikato ya pembeni. Mikato inatawanyika kama mbavu za upepeo, upande wa nje inaachana na upande wa ndani inakaribiana. Ukifanya kila mkato uwe mpana sana kuelekea ulimini ukapita hiyo milimita 25 inaanza kupishana, kitu kimoja kinatokea kwenye mikato miwili tofauti. Ukibaki na 15 kila upande huna shida.

---

mishipa_ya_moyo

Samahani kuingilia mada ya meno, mimi niko upande wa CT ya moyo, ila mambo ni yale yale na kuna onyo moja nadhani halijasemwa.

Sisi mstari wetu hauchorwi kwenye mkato mmoja wa mlalo, unapita katikati ya mshipa wa damu ambao unapanda, unashuka, unazunguka moyo. Ukikata kwa bapa la kawaida ni kama kukata ndizi iliyopinda kwa kisu kilichonyooka, unapata kipande cha katikati tu na ncha mbili zimebaki nje. Kwa hiyo tunakata kwa kufuata mshipa. Sasa mstari ukitoka kidogo tu katikati ya mshipa ukagusa ukuta, picha inakuonyesha mshipa umefinyika pale. Haujafinyika. Ni mstari wako umetembea pembeni. Nimeona mtu karibu apangiwe kuingizwa mrija wa uchunguzi kwenye moyo kwa ajili ya mfinyo ambao haukuwepo, aliyeokoa ni mwenzetu aliyeamua kurudi kwenye mikato ya mlalo akapita mmoja mmoja na kukuta mshipa uko wazi kabisa.

Na kinyume chake kipo. Mafuta yaliyoganda upande mmoja wa ukuta, kama bapa lako limepita upande mwingine huyaoni kabisa. Kwa hiyo kila mshipa lazima uuzungushe, angalau mionekano miwili iliyo na nyuzi 90 kati yake, na mahali popote unaposhuku uangalie mkato wa pembe mraba.

Kwa anayependa kusoma zaidi, Armin Kanitsar na wenzake wa Vienna mwaka 2002 walizipanga hizi picha katika aina tatu. Moja unaukandamiza uso uliopinda kwenye skrini kama kivuli, inabaki na umbo la mshipa lakini urefu unapotea. Ya pili unaukunjua bila kuuvuta, urefu unabaki na mshipa bado unaonekana umepinda. Ya tatu unaunyoosha kabisa ukawa kama fimbo, hiyo ndiyo nzuri kwa kupima kipenyo mwanzo hadi mwisho ila umbo zima la mwili limepotea, huwezi kumwonyesha mgonjwa akaelewa ni wapi. Panorama ya dada ni ya aina ya pili.

---

mwanafunzi_biomedi

Naomba kuuliza hapo hapo, kama mstari uko kwenye anga lote siyo kwenye bapa moja, ile hila ya khanga na z haifanyi kazi si ndiyo? Mshipa ukipanda wima tanjenti inalingana na z na msalaba unakuwa sifuri. Mnatumia nini?

---

NumpyPwani

Umeona vizuri sana. Hapo unabeba nomali mkononi badala ya kuikokotoa upya kila hatua. Mfano umebeba sinia la vikombe unapanda ngazi za kuzunguka, kila ngazi unageuka kiasi kile tu ambacho njia inakulazimisha, huzungushi mkono zaidi ya hapo. Kwa hesabu: unaanza na nomali yoyote iliyo pembe mraba na tanjenti ya kwanza. Ukienda nukta inayofuata, chukua nomali ya zamani, toa ile sehemu yake inayoelekea tanjenti mpya, kilichobaki kirudishe kiwe na urefu wa 1. Hiyo ndiyo nomali mpya. Bainomali ni msalaba wa tanjenti na nomali. Mistari mitatu ya kodi, na haijali kama mstari umenyooka au umegeuza kona, kwa sababu haiulizi kona iko wapi.

R. L. Bishop aliliandikia hili 1975, kwamba kuna njia zaidi ya moja ya kufunga fremu (tanjenti na nomali zake) kwenye mstari, na mwaka 2008 Wang na wenzake wakatoa njia ya kuakisi mara mbili ambayo ni sahihi zaidi kwa hatua kubwa. Kwa hatua za robo milimita ile ya kwanza inatosha.

Dada, hii utaihitaji ukianza kufuata mfereji wa neva wenyewe, maana unaingia upande wa ndani wa taya huko juu nyuma, unashuka, unalala, halafu unatokea nje kwenye kidevu, haukai kwenye bapa moja.

---

slaisi_kwa_slaisi

Kwa wasioandika kodi, kwenye hiyo hiyo 3D Slicer ongezeni ekstensheni inaitwa Sandbox, ndani yake kuna moduli ya Curved Planar Reformat. Unachora mstari, unachagua skani, inakupa bonge jipya lililonyooshwa na ukitaka na picha iliyokandamizwa. Ni bure. Mimi nafanyia kazi samaki waliopigwa CT, ambao wamekunjika ndani ya chupa za spiriti miaka mingi na huwezi kuwanyoosha kwa mkono watavunjika. Unafuata uti wa mgongo kwa nukta, unabonyeza, samaki amelala sawa kwenye skrini na unahesabu pingili moja moja bila kuruka. Angalieni tu ukubwa wa slaisi, ukiweka mdogo kuliko kitu chako kingo zinakatwa.

---

rediografa_tanga

Narudi kutoa mrejesho kama nilivyoahidi moyoni.

Nimezungusha skani kwanza zile nyuzi 8, nikachora upya, nukta 9 zile zile. Nimeondoa Frenet nikaweka khanga. Nimegawa kwa urefu. Zimetoka kolamu 455, kupinduka hakuna, milia hakuna, na meno ya mbele yamerudi ukubwa wake, chonge nazitambua zote nne na gego la mwisho la kulia lililolala ubavu linaonekana na mizizi yake. Nikaiweka pembeni ya ile ya programu ya mashine nikawa nahamisha macho huku na huku, tofauti ninayoiona ni unene wa tabaka tu, wao nadhani wanatumia mzito kuliko milimita 10.

Kwenye mkato wa pengo la gego la kwanza, kuanzia pale mfupa unapofika milimita 6 za upana mpaka paa la mfereji, kodi yangu inasema 11.4. Mashine inasema 11.5. Pikseli moja ni 0.25 kwa hiyo nimeridhika. Panorama mpya nikipima kwa kujaribu tu bado inanipa zaidi ya 13, sasa najua ni kwa nini na sitaiandika popote.

Halafu nikaingia kwenye mfereji wa neva kwa ile njia ya kubeba nomali. Nimeufuata vizuri toka juu nyuma, ukilala ni bomba safi jeusi lenye kingo nyeupe, mpaka karibu na tundu la kidevu. Hapo picha iliyonyooshwa inaonyesha mfereji umefunga kabisa kwa kama milimita 3 halafu unafunguka tena. Nikakumbuka onyo la mwenzetu wa moyo, nikaenda kwenye mikato ya mlalo mmoja mmoja. Mfereji haujafunga. Unapita mbele ya tundu, unajikunja kidogo, halafu unarudi nyuma na kutoka nje. Mstari wangu ulikuwa umekata njia ya mkato kwenye mfupa. Daktari hii ni kawaida au ni huyu mtu tu?

---

DktMagego_NRB

Ni kawaida, watu wengi wanayo hiyo kona ya neva na urefu wake unatofautiana mtu na mtu. Neva inatangulia mbele kisha inarudi kutoka, kwa hiyo anayetaka kuweka implanti mbele kidogo ya tundu akidhani neva imeshatoka anaikuta bado ipo. Hapo weka nukta moja kila milimita, siyo kila sita, na uichore kwa kuangalia mkato wa mlalo na wa pembeni kwa pamoja. Ukimaliza tuma mikato mitano inayozunguka tundu, niko hapa mpaka usiku.